Mume wangu alimjibu daktari "naweza" kwa kila swali: yaliyotupata tukiomba pesa ya ulemavu

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa, huwa napita tu. Lakini jana nimeona mtu akiuliza jinsi ya kuombea ndugu yake pesa ya serikali ya watu wenye ulemavu mkali, nikaona nisimjibu kwa mstari mmoja. Nitaeleza yaliyotupata sisi, bila kuongeza chumvi.

Mwenye mwili ninaousema hapa ni mume wangu. Amesoma hii yote kabla sijapost. Amefuta neno moja tu.

Tunakaa karibu na Gachoka, kwa wazazi wangu. Mume wangu Kirimi ni mtu wa Igembe huko Meru, upande wa Kangeta. Tulikutana huko nikipeleka ndengu sokoni, yeye akiwa mchumaji wa miraa.

Kwa wale hawajui: muguka, ile miraa fupi yetu ya huku Mbeere, unaichuma ukiwa umesimama chini. Miraa ya kule ni mti. Unapanda, unakanyaga tawi, mkono mmoja umeshika, mwingine unachuma. Kirimi alikuwa anaitwa na wenye mashamba hata wa mbali kwa sababu hakuna tawi alikuwa anaogopa.

Asubuhi moja ya mvua mguu ukateleza. Akaanguka kwa mgongo.

Hospitali walimshughulikia vizuri, sina lawama. Lakini mgongo uliumia upande wa chini, na wakatuambia wazi kwamba kupanda miti kumeisha. Kodi ya nyumba huko Kangeta ikatushinda, baba yangu akatuma pickup ya jirani ikatubeba na vitu vyetu mpaka Gachoka.

Sasa mwanaume wa Meru kukaa kwa wakwe, wakuu, mnajua vile hiyo kitu huuma. Hakuna mtu kwetu alimsema vibaya. Alijisema mwenyewe, ndani ya roho.

Siku nzuri alikuwa anatembea na magongo kutoka kitandani mpaka mlangoni. Siku mbaya miguu inakufa ganzi hata hajui iko wapi. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo mimi na yeye tu ndio tulijua: mkojo ulikuwa unatoka bila yeye kusikia. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza, namwosha, nafua. Mama yangu akiuliza mbona nafua shuka kila asubuhi, nasema ni mtoto.

Kendi wetu alikuwa ameacha kukojoa kitandani kitambo. Mungu anisamehe, nilimsingizia.

Msaidizi wa chifu ndiye alitueleza kuhusu hiyo pesa. Akasema kwanza mtu anapelekwa assessment hospitali kubwa Embu, madaktari wanampima na kumwuliza maswali, halafu anasajiliwa. Baadaye ofisi ya social services ndiyo inaangalia kama anafaa kuwekwa kwa ile ya kila mwezi.

Tukaenda Embu. Tukapanga laini na watu wa kila aina. Jina lake likaitwa, nikataka kuingia naye.

"Kaa tu hapa, Mama Kendi," akaniambia. "Kwani mimi ni mtoto?"

Nikakaa kwa benchi. Mlango ulikuwa haujafunga vizuri, nikasikia daktari ni mwanamke, kijana, na anaongea Kimeru, ingawa maneno yenyewe sikuyashika! Nikamshukuru Mungu. Nikajua tumepata mtu wa kwao, sasa ataelewa kila kitu.

Alitoka akitabasamu. Nikamwuliza imekuwaje. "Ni msichana wa Igembe," akasema. "Ana heshima sana."

Tulikaa tukingoja mpaka siku moja tukaitwa ofisi ya social services. Afisa wa hapo alikuwa mtu mpole, akatueleza pole pole. Kusajiliwa, atasajiliwa. Lakini ile pesa ya kila mwezi ni ya mtu ambaye hawezi kujihudumia, anahitaji mtu wa kumwangalia kila wakati.

"Na huyu," akasema, "daktari ameandika anajihudumia mwenyewe. Anavaa mwenyewe, anaoga mwenyewe, choo anaenda mwenyewe."

Nikamwangalia Kirimi. Viatu alikuwa amevaa, nilimvisha mimi asubuhi hiyo.

Sikusema kitu mbele ya afisa. Nilimwuliza tu kama mtu anaweza kupimwa tena. Akasema ndiyo, unaruhusiwa kuomba assessment irudiwe ukieleza sababu.

Nyumbani nilimngoja amalize chai.

"Baba Kendi, ulimwambia daktari unaenda choo mwenyewe?"

Akazungusha kikombe kitupu.

"Ulimwambia unaoga mwenyewe?"

"Aliniuliza kama naweza. Nikasema naweza."

"Kwa nini?"

Aliangalia mbuzi za baba huko nje. Halafu akanijibu kwa sauti ya chini sana. "Yule msichana alinisalimia kama vile dada yangu mdogo hunisalimia. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Angekuwa mtu wa mbali ningemwambia. Sasa nimwambie yule, kwa Kimeru, ati mimi hukojoa kitandani? Hayo maneno kwa Kimeru ni ya mtoto. Sina mdomo wa kuyasema."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombana, wakuu. Hasira ikaisha hapo hapo. Lakini nilimwambia ukweli wangu pia. Nilimwambia mgongo wangu unauma. Nilimwambia siendi soko la Kiritiri siku hizi kwa sababu siwezi kumwacha, na mama anazeeka, na nimechoka kudanganya kwa jina la mtoto.

Kwa siku kadhaa tuliongea ya chakula tu.

Halafu akaniambia, "Omba hiyo ingine. Lakini tuingie wawili."

Siku ya kurudi Embu nilikuwa naomba kimoyomoyo tupate daktari mwingine. Tukaingia. Kulikuwa na madaktari wengine kwa meza, na katikati, yule yule msichana wa Igembe. Akamkumbuka mara moja, akamsalimia kwa Kimeru.

Nilisikia mkono wa Kirimi ukikaza kwa gongo. Nikasema, basi, imeisha. Tumerudi pale pale.

Akavuta pumzi. Akasema, "Daktari, leo nataka tuongee Kiswahili."

Daktari alishangaa kidogo. Kisha nafikiri akaelewa, kwa sababu aliweka kalamu chini. "Sawa, mzee. Tuongee Kiswahili."

Kiswahili cha mume wangu ni cha shule ya msingi na cha soko. Kimevunjika vunjika. Lakini hiyo siku kilifanya kazi ambayo Kimeru kilikataa.

"Ile siku nilidanganya wewe," akasema. "Mimi siwezi kuvaa kiatu. Bibi ndiye anavalisha mimi. Kuoga, ni bibi. Na mkojo inatoka na mimi sijui. Hata saa hii iko."

Kisha akaangalia dirisha.

Hakuna mtu alicheka. Hakuna mtu aliguna hata. Daktari mmoja mzee akauliza imeanza lini, akajibiwa. Wakamwuliza mengine, na kila alipokwama alinigeukia na kusema, "Eleza." Nikaeleza.

Yule msichana aliandika yote, halafu akauliza, "Hiyo shida ya mkojo, umeshatibiwa?"

Tukamwambia hatujawahi kuambia mtu.

"Hata hospitali?"

"Hata hospitali."

Akatikisa kichwa, lakini hakutugombeza. Akatuambia kuna njia za kuishi nayo bila kulowa, kuna mpira mdogo wa kutoa mkojo ambao mtu anafundishwa kutumia mwenyewe, na kwamba tukiendelea kunyamaza figo zingeharibika. Akatupeleka kliniki nyingine hapo hapo. Yaani wakuu, tulikuwa tumeenda kutafuta pesa na tulikuwa karibu kumpoteza kwa jambo la kunyamaza.

Jioni hiyo tukiwa nyumbani niko jikoni na mama, nikasikia Kirimi akiita kutoka chumbani, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mama Kendi, kuja unigeuze, upande huu unauma."

Tangu aanguke hakuwa ameomba kitu. Mimi ndiye nilikuwa nakisia. Nilienda nikamgeuza, halafu nikatoka nyuma ya jikoni nikalia kidogo.

Mama hakuuliza. Siku iliyofuata alichukua zile shuka akafua yeye.

Ripoti mpya ilikubaliwa, lakini bado kulikuwa na kikao cha mtaa kwa chifu, mahali majina husomwa ili watu waseme kama kweli mtu anastahili. Jirani mmoja akasimama akasema huyu si mtu wa hapa, aandikishwe kwao Meru. Hakusema kwa ubaya, nafasi ni chache na kila mtu ana mgonjwa wake.

Baba yangu si mtu wa maneno. Alisimama akasema, "Analala kwangu. Akifa leo nyinyi mtakuja kwangu kunipa pole. Mwandikeni hapa." Akakaa.

Wakamwandika.

Pesa ilichukua muda mrefu sana kuingia, sitawadanganya. Kuna wakati tulikata tamaa kabisa. Inaingia kwa jina lake na mimi nimewekwa kama mwangalizi. Haifikii hata kidogo alichokuwa anapata akiwa juu ya miti, na kuna wakati inachelewa. Lakini imenirudisha sokoni Kiritiri, kwa sababu siku ya soko tunamlipa binamu yangu akae naye. Na mkojo sasa anaushughulikia mwenyewe.

Nilichojifunza, kwa yule aliyeuliza jana:

Ukienda assessment, eleza siku yako mbaya kabisa. Usieleze ile siku nzuri. Daktari anakuona dakika chache tu, na siku hiyo umeoga, umevaa shati safi, umejikaza. Atajuaje?

Ingia na mtu anayekuosha. Huyo ndiye anajua.

Na kama umekataliwa, uliza kama unaweza kupimwa tena. Wengi huenda nyumbani wakanyamaza.

Sasa na mimi nina swali. Wheelchair tuliyopewa baadaye ni ya hospitali, magurudumu membamba. Huku kwetu njia ni mchanga mtupu, inazama hata kabla ya kufika barabarani. Kuna mtu hapa anajua mahali tunaweza kupata ya magurudumu mapana, au fundi wa kubadilisha, Embu au Meru?

Kirimi ndiye ameniambia niwaulize. Amechoka kubebwa kwenda kanisani, anataka kuingia mwenyewe.