Mema Matatu ya Mgombea wa Tatu

Kila nikisikia harufu ya samaki wa kupaka, mwanangu, namkumbuka kaka yangu Khalfan akinawa mikono kabla ya wakati. Ilikuwa Ijumaa moja, nyumbani kwetu Azaiba, hapa Maskati, nasi tumekaa chini kulizunguka sinia la mchana: bibi yangu Bi Zuwena, mama yangu, Khalfan na mimi. Nilikuwa msichana wa makamo yako, nimeshaposwa na kijana mmoja wa Yiti aitwaye Salim, na nikaha ilibaki wiki chache. Sinia halijafika nusu, Khalfan akasimama akanawa, akaniambia bila kunitazama, "Nikaha yako atakuozesha ami Suleiman. Mimi nimejitoa." Kisha akatoka, na mlango ukalia kishindo hata paka akakimbia chini ya kochi.

Najua unauliza, mtu anamsusia ndugu yake kwa lipi? Kwa kura, mwanangu. Tena kura ya Marekani.

Subiri nikueleze. Baba yetu alikwenda kusoma kule, na mimi na Khalfan tulizaliwa huko, tukakulia huko mpaka tukawa watoto wa kutumwa dukani. Kisha Oman ikaita wana wake waliotawanyika, na sisi wenye asili ya Unguja tukawa miongoni mwa waliorudi. Lakini aliyezaliwa Marekani haki yake ya kura humfuata popote aendako. Tulipofika umri, karatasi zikatujia Maskati kwa posta, tukazijaza kwenye meza ya kulia chakula, tukazirudisha. Yaani rais wa watu wa mbali alikuwa akichaguliwa pembeni ya chupa ya achari. Hilo mpaka leo linanichekesha.

Kule vyama vikubwa ni viwili, na Khalfan alikuwa na mtu wake katika kimojawapo. Mimi nikampenda wa tatu, mgombea wa chama kidogo, ambaye kila mtu alijua hashindi, na mwenyewe alijua. Nilimpenda kwa sababu alisema mambo ambayo wakubwa wawili waliyakwepa. Kipendacho roho ni dawa, nikampa kura yangu.

Basi mwaka ule Marekani wakapiga kura, na matokeo yakawakwama kooni. Wakahesabu, wakahesabu tena, wakapelekana mahakamani, na sisi huku Azaiba televisheni haizimwi. Jimbo tulilokulia ndilo lililokuwa likigombewa, na mwisho mtu wa Khalfan akalikosa kwa kura chache mno. Mgombea wangu alipata kura nyingi kuliko hizo zilizokosekana. Khalfan akaketi na hesabu hiyo kichwani mpaka ile Ijumaa, ndipo aliponiuliza kwenye sinia, "Hivi wewe ulimpa nani?" Nikamwambia. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini ulimi hauna mfupa, nikaongeza, "Kwani kuna tofauti gani? Hao wawili wenu ni walewale."

Hapo ndipo alipoinuka.

Sasa ujue uzito wake. Baba alikuwa ameshafariki, na bila baba wala babu, kaka ndiye walii, ndiye anayemwozesha dada yake. Kisheria ami Suleiman, ndugu wa baba, angeweza kusimama mahali pake, na nikaha ingeswihi. Lakini siku alipofariki baba, Khalfan ndiye aliyenifuata chuo kikuu, kule Khoudh. Njia nzima hakusema neno, aliendesha kwa mkono mmoja na mwingine akanishika. Mkono huo ndio nilioutaka unikabidhi kwa mume. Nililia palepale kwenye sinia, machozi yakiingia kwenye wali.

Mama akaanza kunifariji. Bibi hakunifariji. Bibi alimega tonge, akatafuna taratibu, akaniuliza, "Huyo wa tatu, ana mke?"

Nikasema sijui.

"Hujui? Na umempa nchi?"

Bibi yangu alikuwa mtu wa kuuliza. Angeweza kumsimamisha fundi wa bomba saa nzima ajue maji yanatoka wapi. Alisikiliza redio ya Kiswahili asubuhi na jioni, na uchaguzi ule aliufuata kwa hamu kuliko sisi tuliopiga kura. Akaendelea, "Nifahamishe mimi. Anajua kama hashindi?"

"Anajua, Bibi."

"Sasa anagombea nini?"

"Anataka maneno yake yasikiwe. Na akipata kura za kutosha, chama chake kitapewa nguvu uchaguzi ujao."

"Ahaa. Anapanda, havuni." Akatikisa kichwa, imemwingia. "Na kule jimboni, kura zinagawiwa vipi?"

Nikamweleza kwamba karibu katika majimbo yote mshindi huchukua jimbo zima, hata akishinda kwa kidogo. Bibi akalitazama sinia letu. "Yaani aliyekula tonge moja zaidi kuliko mwenzake anabeba sinia zima, na wengine mnaondoka na njaa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi kaka yako hana wazimu. Nilidhani ana wazimu." Akala tena. "Na wewe pia huna. Lakini umesema neno baya. Umesema hao wawili ni walewale. Umewatazama?"

Nikajibu kwamba kila mtu anajua.

"Sikukuuliza kila mtu. Nimekuuliza wewe. Huyu wa kaka yako, niambie jema lake moja." Sikuwa nalo. Nilikuwa nimesoma kila karatasi ya mtu wangu, na ya wale wengine sikuigusa. Bibi akanitazama kwa macho makali ambayo sikuyazoea kwake. "Mimi nimeona kondoo wa tumbo moja, na hawakuwa walewale. Mtu akisema walewale, mwanangu, maana yake kachoka kutazama. Kumpenda wako si kosa. Kosa ni kumpenda kwa kufumba jicho kwa wengine."

Alikuwa amenipata.

Sasa nikuambie desturi ya nyumba yetu, maana bila hiyo hutaelewa alichofanya. Akija mposaji, kama ilivyo kwa watu wote wa kwetu, tunatuma mtu akamuulizie: kwa majirani, kazini, msikitini. Lakini bibi yangu alikuwa na sharti lake. Hamtumi anayempenda mposaji. Humtuma asiyemtaka, na asiyemtaka haruhusiwi kurudi bila mema matatu. Mabaya atayaona tu, alikuwa akisema, mabaya hayahitaji kutumwa. Salim alipoposa, aliyempinga alikuwa Khalfan, kwa kuwa Yiti ilikuwa mbali na yeye hakutaka niende mbali. Akatumwa Yiti, akaulizia mpaka kwa wavuvi waliokuwa wakishusha samaki, akarudi na mema matatu na uso umenuna, akasema, "Mwozesheni." Ndivyo Salim alivyopita.

Jioni ile ya Ijumaa Bibi akampigia Khalfan simu nyumbani kwake, akamwita. Akaja, kwa sababu hakuna aliyeitwa na Bi Zuwena akakataa. Akakaa mbali nami. Bibi akatwambia, "Mnawachagua watu wa kutawala dunia, na hamkuwaulizia kama tunavyomuulizia mume wa msichana mmoja. Khalfan, nenda kamuulizie huyo wa tatu. Rahma, nenda kamuulizie wa kaka yako. Nnataka mema matatu kwa kila mmoja."

"Bibi, uchaguzi umeshakwisha," Khalfan akasema. "Itasaidia nini?"

"Kwani mimi nimesema itamsaidia mgombea?"

Khalfan akataka kuinuka. Bibi akamshika kanzu, na ndipo aliposema jambo ambalo hata mama alikuwa halijui. Kule Unguja, zama za siasa kabla ya mapinduzi, vyama vikubwa vilikuwa viwili na cha tatu kilikuwa kidogo. Dada yake, Bi Shekha, yeye na mumewe walikifuata kile kidogo. "Nikamwambia mmetuharibia," Bibi akasema. "Zama hizo watu walisusiana maduka, walisusiana hata maiti. Mimi nikasusia harusi ya mwanawe. Nilishona nguo, nikaitundika, sikwenda. Nikasema tutapatana mambo yakitulia. Hayakutulia. Nchi ikapinduka, mimi nikapanda meli na wanangu, yeye akabaki. Akafa sijamuona tena." Akaachia kanzu. "Na mpaka leo sijui alikipendea nini kile chama. Sikuwahi kumuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu."

Mama alikuwa akilia. Khalfan akainamisha kichwa, kisha akaondoka bila kuahidi chochote. Bibi hakumwita tena.

Mimi nilifanya kazi yangu. Ofisini kwetu alikuwapo Mkenya mmoja, Bwana Mutua, mhasibu, ambaye ndugu zake wako Marekani na alimpenda sana mtu wa Khalfan. Nikamuuliza. Akafurahi kama aliyengoja kuulizwa mwaka mzima. "Wewe dada, kaa chini kwanza nikushow," akaniambia, na mapumziko ya mchana yakaisha hatujala. Nikasoma pia niliyokuwa sikuyasoma. Mwanangu, sikubadilika moyo, lakini niliona haya. Wale wawili hawakuwa walewale. Katika matibabu ya maskini, katika kodi, katika majaji watakaowekwa, kulikuwa na watu ambao maisha yao yangekwenda njia moja au nyingine kwa tofauti ile niliyoiita si kitu. Bado niliona mgombea wangu alisema kweli ambayo wengine waliificha. Lakini nilijua sasa bei ya kuisema. Nikampelekea Bibi mema yangu matatu, akanikubalia, akanipa maandazi.

Khalfan kimya. Siku zikasogea, hina ikachanganywa, shangazi zangu wakaja na masanduku, na ami Suleiman akaambiwa ajiweke tayari. Alinyoosha kanzu yake mwenyewe, maskini, uso umemwinama, kwa sababu naye hakutaka.

Kwetu, kabla ya wanaume kwenda msikitini, walii huja chumbani kumuuliza bibi harusi idhini yake. Bibi harusi hujifunika, hutazama chini, na kwa haya huwa hajibu upesi. Nikasikia hodi. Nikatazama chini, nikaona viatu, na viatu havikuwa vya ami Suleiman.

Khalfan akakaa mbele yangu. Nikangoja aseme maneno ya idhini, yeye akakohoa, akasema, "La kwanza, hakuchukua pesa za makampuni makubwa, wala hakuna aliyemnunua. La pili, miaka mingi kabla hajagombea chochote, alisimama upande wa watu wadogo walioumizwa na bidhaa mbovu. Nimesoma, ni kweli." Shangazi mmoja akanong'ona, "Anasema nini huyu? Ndiyo khutuba?" Bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Na la tatu?" Bibi akauliza.

"La tatu nimelitafuta sana, Bibi. Sikulipata." Akaivua kofia. "Bado nina hasira naye. Kwa Rahma sina."

Bibi, ambaye katika maisha yake hakupata kusamehe sharti lile hata mara moja, akamtazama. "La tatu," akasema, "ni kwamba kakutoa nyumbani kwako ukaja kwa dada yako. Limetimia. Muulize."

Khalfan akaniuliza kama namruhusu kuniozesha kwa Salim wa Yiti. Haya ya bibi harusi ilinitoka yote. Nilijibu kwa sauti, kabla hajamaliza, na chumba kizima kikacheka, kisha kikapiga vigelegele. Alipoinuka akanishika mkono, kwa mkono uleule.

Uchaguzi uliofuata alinipigia simu akaniuliza, "Mara hii unampa nani?" Nikamwambia, "Bado naulizia." Akacheka. Tukaulizia pamoja, kila mtu akaweka kura yake anakojua, na Ijumaa tukala sinia moja.

Mwanangu, wengi huniuliza kama nilikosea kumpa kura wa tatu. Nimekuwa mzee na bado sijui, na siogopi kukwambia sijui. Wapo watakaokwambia kura hiyo umeitupa, na wapo watakaokwambia umeyaepuka madhambi ya wote. Sikiliza wote, usiharakishe kumwamini yeyote. Ukitaka kumuunga mkono mdogo asiyeshinda, muunge, maana haba na haba hujaza kibaba, na maneno makubwa ya leo mengi yalianzia kwenye vinywa vya watu wadogo. Lakini kwanza jua kura zinahesabiwa vipi pale unapopigia, na nani ataumia ikienda upande usioutaka, uikubali bei yake macho wazi. Usiseme walewale mpaka umewatazama. Na yule asiyemchagua wako, usimnunie; nenda kamuulizie wa kwake, na usirudi mikono mitupu. Marais huja na kuondoka, hata majina yao utayasahau. Ndugu uliyemsusia hutamsahau, na huenda usipate siku ya kumuuliza.

Mungu akupe jicho lisilochoka kutazama, na ulimi unaouliza kabla ya kuhukumu. Akujaalie sinia lisipungue mtu. Na siku yako ikifika, mlango ubishwe hodi, utazame chini, uvione viatu unavyovijua.