Kitambaa cha Spiriti

Fundi mmoja wa kompyuta hatoboi kasha kabla ya kulipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Hulipangusa taratibu, kama anayemwosha mtoto uso, ndipo achore duara kwa penseli, akate bati, afunge feni, kisha asogeze karatasi laini kwenye tundu. Ikivutwa na hewa ikanata, hutabasamu: "Haya mzee, pumua."

Kompyuta ya mama mmoja mjane ilikuwa inazimika ovyo kwa joto, akamletea aifunge feni. Mama alipoifuata, karatasi ilinata barabara, na fundi akasubiri sifa zake. Mama aliligeuza kasha huku na huku.

"Mwanangu, maandishi ya baba watoto yako wapi? Aliniandikia hapa ubavuni namna ya kuiwasha."

Fundi alikumbuka wino wa buluu. Aliuona, akadhani ni michoro ya watoto. Laiti angesoma neno moja tu kabla ya kusugua! Mama aliweka kiganja pale palipokuwa na mwandiko, akakiacha hapo.

"Haipati joto tena, mama," fundi alisema. Kile kitambaa, na doa lake la buluu, kilikuwa bado begani mwake.