Koti la Shemeji Limetundikwa Nyumbani Kwangu

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana hata mama mkwe anafuata ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, nina wasichana wawili, na naishi upande wa Ahero kwenye boma la marehemu mume wangu. Nauza mchele sokoni. Mume wangu alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Sijaandika ili mnionee huruma. Jumamosi hii lazima niamue jambo, na watu wa kuuliza wameniishia.

Siku ya mazishi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alishika maikrofoni akalia mpaka wakamshika asianguke. Akasema, "Huyu mama asiguswe na mtu. Ameokoka, tuheshimu wokovu wake. Mimi ndio nitasimama na hii nyumba." Pasta wetu naye akasema kanisa ndilo mume wa mjane, na siku nitakayotaka kujenga, wanaume wa kanisa watakuja na majembe yao. Watu wakapiga makofi. Mimi nililia kwa shukrani, mjinga mimi.

Basi mafuriko ya mwaka huu yakatuingilia. Nyumba yetu ni ya udongo. Ukuta wa nyuma umeanguka wote na wa mbele tumeuegemeza magogo. Wasichana wanalala jikoni kwa bibi yao, mimi nimebaki humo humo. Mabati na nguzo ninazo, ndugu zangu wa Asembo, kwetu nilikozaliwa, walinisaidia. Kitu ambacho sina ni mwanaume. Kwa wasiojua mila zetu Wajaluo, mjane hajengi nyumba mpya mpaka mwanaume wa ukoo amrithi, yaani alale kwake, ndipo huyo mwanaume achimbe shimo la nguzo ya kwanza. Ukipita njia nyingine wanasema umeleta chira, laana inayomaliza watoto wako. Mimi nimeokoka, na kurithiwa sitaki.

Nilimwendea shemeji nikamkumbusha maneno yake. Alikuwa anakunywa chai. Akanijibu bila hata haya, "Nilisema nitasimama na nyumba. Sasa nisimame nje kama soja wa getini? Shimo nitachimba, lakini hiyo usiku nalala ndani." Mke wake alikuwa pale pale anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, hakuinua kichwa.

Nikakimbilia kwa pasta. Akapanga wanaume waje Jumamosi iliyofuata. Nilipika wali na kuku, nikaazima viti. Hakuja hata mmoja. Mchana akanipigia simu. "Mama, wazee wamenionya. Mimi ni kijana wa huu ukoo. Nikichimba hiyo shimo, itahesabika ni mimi nimekurithi. Sasa mke wangu nimwambie nini? Wacha tuendelee kuombea hiyo maneno." Yaani mtu anayetoa mapepo kila Jumapili anaogopa shimo la nguzo! Nilirudisha viti vya watu nikiwa nimefunika uso kwa leso.

Mama mkwe hakunicheka. Wiki hii aliingia na koti la shemeji, akalitundika kwenye msumari ukutani. "Nyar Asembo, binti wa Asembo, sikia. Siku hizi wazee wanakubali koti peke yake lilale badala ya mwanaume. Ikae hapa mpaka Jumamosi, achimbe shimo, arudi kwake. Hakuna mtu atakugusa, mimi mama yako nimekuahidi." Nilikuwa nimechoka, jamani. Sikuliondoa, na koti likabaki.

Juzi jioni shemeji akaingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akavua viatu. Akasema, "Koti imechoka kulala peke yake." Binti yangu mkubwa ndiye aliyechukua vile viatu akaviweka nje, akamwambia, "Baba mdogo, twende nikusindikize." Alienda, lakini aliniachia neno. Jumamosi anakuja na wazee. Nikimkataa, hakuna mwanaume wa ukoo atakayegusa nguzo zangu, na kwa vile sina mtoto wa kiume, hiyo ardhi watapewa wengine. Nilimrudishia mama mkwe lile koti, akakataa hata kulishika. Na jana kanisani nimeambiwa nisisimame na kwaya ya akina mama kwanza, kwa sababu pasta amesikia kuna koti la mwanaume kwangu.

Wote walioshika ile maikrofoni wamenigeuka. Mungu hajanigeuka, hilo nasema wazi. Ukuta ulipoanguka ulifunika kitanda cha wasichana, na wao walikuwa wametoka tu kufunga mbuzi. Namwamini. Nimepanga Jumamosi niamke kabla wazee hawajafika, nichimbe lile shimo kwa mikono yangu na nisimamishe nguzo yangu.

Lakini niwaambie ukweli ambao siwezi kumwambia mtu wa kanisa. Naogopa chira. Nimekulia kwenye maneno hayo. Nikimsikia binti yangu mdogo akikohoa, jembe linanitoka moyoni. Najiuliza kama hii ni imani ama ni kiburi changu, na kama nimekosea, hawatalipa wakubwa.

Leo asubuhi nilimweleza binti yangu mkubwa, maana ameshaanza kuelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, si hiyo chira wanasema itakuja kwetu sisi watoto? Basi sisi tumeongea na tumekubali. Chimba."

Nishaurini, wenzangu. Msiniambie niombe, hilo nafanya. Niambieni, mama anaweza kuinua jembe kwa kutegemea neno kama hilo la mtoto wake?