Mwanamke Aliyeitikia Jina la Nkambo

Nilifika Kamina kwa treni kutoka Luena, ninakofundisha, na nyumbani kwa mama nikakuta kufuli mlangoni. Jirani, mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, akanipigia kelele kutoka kwake: "Mama yako iko ku salle ya parokia! Leo banaita bajane ba reli."

Nilifurahi. Wajane wa wafanyakazi wa reli huitwa mara kwa mara waonekane kwa macho, ijulikane kwamba bado wako hai, ndipo pensheni ya marehemu waume zao iendelee kutoka. Na kwa muda mrefu mama alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba nkambo, bibi yangu aliyemzaa yeye, hatoki tena nje, kichwa chake kimeharibika. Kumbe amepata nguvu. Nikaenda kuwashtukiza.

Salle, ule ukumbi wa parokia, ilikuwa imejaa. Nilijibana kwenye benchi la nyuma, karani akaita jina la nkambo.

"Présent!"

Mbele akasimama mwanamke mzee aliyevaa kitenge cha nkambo na miwani ya nkambo, ile iliyofungwa uzi upande mmoja. Mama alikuwa amemshika kiwiko. Lakini mwanamke yule alikuwa mrefu. Nkambo ni mfupi, ananifikia begani. Karani alitazama picha kwenye karata ya pensheni, akatazama miwani, akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

"Twende, mama," mama yangu akamwambia yule mwanamke. Alilisema neno hilo kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao akisema na mama yake.

Ningepaswa kupiga kelele. Ila swali moja lilinikaba: nkambo mwenyewe yuko wapi? Nilitoka mbio.

Muuza makala alinipa chuma, tukavunja kufuli. Chumba cha nyuma nacho kilikuwa kimefungwa kwa nje. Nilipokifungua, harufu ilinirudisha nyuma. Nkambo alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekonda hadi mifupa ya mabega inaonekana, kando yake ndoo isiyomwagwa. Hakulia wala hakunikimbilia. Alijifunika uso kwa mikono.

"Usiniangalie," akasema. "Nipe maji kwanza. Nioge, njo unisalimie."

Nilimwogesha uani, jirani akitushikia kitenge kama pazia. Nikiwa namsugua mgongo, akanieleza polepole, na kichwa chake hakikuwa na kasoro yoyote. Alimwambia mama kwamba anataka kwenda Bukama kuishi na mdogo wake, na pensheni yake aipokelee huko. Tangu siku ile mama alimnyang'anya simu, akamfungia, akaanza kutangaza kwa watu kwamba mzee amepata wazimu.

Mama alirudi na yule mwanamke tukiwa bado uani. Mwanamke alipomwona nkambo kwenye kiti, nywele zinadondosha maji, aliguta na kuanguka magoti.

"Mama, baliniambia ulikufa! Balisema ni papier za kifo chako tu njo haziyaisha."

Akavua miwani, akaiweka kwa mikono miwili mapajani mwa nkambo, akaondoka bila kutuangalia tena.

Mama hakulia. Alisimama pale na mkoba wake wa kwenda kanisani.

"Unafikiri nani ananunua unga ya bukari tunayokula humu ndani?" akaniuliza. "Na weye, mwalimu, ulisoma na feza ya nani?"

Nilisoma mpaka diploma kwa pensheni ya nkambo. Alitoa mwenyewe, kwa mapenzi yake, lakini pale uani niliona kama kwamba nami nilikuwa nimeshika kiwiko cha yule mwanamke.

Kesho yake asubuhi nkambo alitaka kwenda salle kwa miguu yake. Aliniegemea njia nzima. Mama alitufuata kwa mbali, hakuna aliyemwita.

"Mama, jina hili lilipita jana," karani akasema.

"Lilipita," nkambo akajibu, akijigusa kifua. "Minyi sikupita."

Mjane mmoja wa mbele, kati ya walioitwa siku hiyo, akainuka. "Njo yeye mwenyewe! Tuliimba naye ku chorale." Mwingine akaitikia, na mwingine.

"Basi wa jana ni nani? Nani alimuleta?" Karani sasa alikuwa amekasirika. "Nitaita polisi."

Vichwa viligeuka mlangoni, alipokuwa amesimama mama. Nkambo hakugeuka.

"Nilikuwa mugonjwa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Minyi mwenyewe njo nilituma mwenzangu anijibie. Mutoto wangu haiko na makosa."

Hakuna aliyeamini. Mikono yake ilivyokonda, nani angeamini? Mjane mmoja alianza kulia. Karani akaniangalia mimi, msomi, akingoja niseme ukweli.

"Ni vile amesema," nikajibu, macho yangu sakafuni.

Nilipoyainua, mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilimpeleka nkambo Bukama mwenyewe. Sasa amenenepa kidogo, anagombana na mdogo wake juu ya chumvi ya samaki. Habari ile haizungumzi. Mara moja tu aliniuliza kama mama yangu ana unga, nikamwambia nitampelekea, na nilimpelekea. Mama alipokea mfuko mlangoni, akauliza kama kwetu Luena kunanyesha.

Kila ninapopita Kamina, wamama wa mtaa wa reli hunisalimia vizuri sana. Hushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, huuliza nkambo yuko namna gani, anakula, analala. Hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za mama. Naona haya. Najibu haraka haraka, nauondoa mkono wangu, navuka barabara.