Uzi wa Mlenda

Jirani yetu hapimi magadi kwa kijiko. Hubana kipande kidogo kwa vidole viwili, akakiyeyusha kwenye maji, akayamimina taratibu juu ya mlenda unaochemka, kisha hupekecha. Halafu huinua mwiko hadi usawa wa uso na kuutazama uzi wa utelezi ukishuka. Ukikatika, hupekecha tena. Ukifika chunguni mzimamzima, huepua. Mwezi huu wa Ramadhani haonji kabisa, anayaamini macho. Anampikia mdogo wangu Somoe, ambaye daktari wa Kilindoni alisema utumbo wake umevimba. Dawa anakunywa, lakini kila tonge lilikuwa likimkunja kwa maumivu. “Utelezi unapoza njia, magadi yanakata ukali,” jirani alituambia kwa sauti yake ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. “Tujaribu tu, wanangu. Na dawa za daktari msiache.”

Jana alasiri tuliketi jikoni kwake, mimi na yeye tukimtazama Somoe. Alikula kidogo, akatulia, akala tena, mpaka tukasikia kijiko kikikwangua bakuli. Jirani akageuka, akauchukua mwiko, akaulamba.

“Mama, si umefunga?” Somoe akamuuliza.

Akauweka mwiko chini. Akatoka kwenda kusukutua, akarudi machozi yakimlenga.

“Nilisahau, basi Mungu kanilisha,” akasema polepole. “Na magadi yamekaa sawa.”