Mguu wa Kiti cha Jenerali

Hebu mwone baba yangu mdogo anavyoshuka kwenye basi: shati limepigwa pasi, kofia ni mpya, na mikono yote miwili ameitia mfukoni kama mtu aliyeiba kitu. Ameitia humo kwa sababu ya ahadi. Yeye ni seremala, wateja wanamwita Fundi Gundi, na ugonjwa wake ni mmoja tu: akiona kiti, lazima akipindue aikague miguu. Siku ya harusi ya binti yake alikipindua cha mkwe, na mkwe, ambaye hana macho kisogoni, akaketi sakafuni.

Ndiyo maana safari hii mama mdogo alimwekea sharti.

"Baba watoto, safari tatu umeniharibia. Ukigusa kiti cha watu hata kimoja, mwakani natembea na dada yangu. Wewe utabaki nyumbani na viti vyako."

Kisha akampekua begi, akatoa chupa ya gundi ndani ya soksi. Baba mdogo, ambaye mwaka mzima huihesabia siku safari hiyo, akaapa.

Mji wenyewe ni mdogo, unaumaliza kabla soda haijaisha. Sifa yake ni kwamba zamani, vita vilipokwisha kuchosha kila mtu, jenerali mmoja alikuja hapo kusalimu amri. Basi wenye maduka hawakutafuta majina mengine. Kuna Kinyozi Salimu Amri. Kuna Magodoro ya Weka Silaha Chini. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumba ya kumbukumbu ina chumba kimoja, chenye meza, kalamu ndani ya kioo, na kiti.

"Hapa ndipo jenerali alipoketi kutia saini," alisema dada mwongoza wageni. "Wanasema miguu ilikuwa ikitetemeka."

"Ya kiti," baba mdogo alinong'ona.

"Baba watoto!"

"Si nimesema tu? Mikono iko mfukoni."

Dada akawakaribisha wageni wakae wapigwe picha. Mama mdogo alikuwa ameshona gauni kwa ajili ya picha hiyo, akawa wa kwanza. Baba mdogo naye alikuwa amekwisha kuona: mguu wa nyuma, wa kushoto, umechomoka kwenye tundu lake.

"Mke wangu, hicho kiti..."

"Nyamaza! Leo sitaki kusikia habari za kiti."

Akajiachia. Kiti kikalia kwiii. Kufumba na kufumbua, baba mdogo alikuwa amepiga magoti nyuma yake, kofia kule, ameukumbatia ule mguu kwa mikono miwili.

"Jamani, tazameni!" dada alipiga kelele kwa furaha. "Mgeni wetu anatuigizia kusalimu amri!"

Wageni wakapiga makofi. Mama mdogo, asiyejua kinachoendelea nyuma, akanyoosha shingo kama mshindi wa vita.

"Piga nyingine," akasema. "Sasa nikitazama dirishani. Sasa nikiionyesha kalamu kwa kidole."

"Mama watoto, harakisha," sauti ikatoka chini. "Magoti yangu!"

"Aliyeshindwa vita haongei!" mzee mmoja mgeni akamtania.

Zilipigwa picha kumi na moja. Mama mdogo aliposimama na kugeuka, akaikuta mikono ya mumewe bado imeng'ang'ania mguu wa kiti.

"Umegusa kiti."

"Sijagusa kiti, mama. Nimekushikilia wewe. Kiti kilikuwa katikati tu."

"Umekitengeneza?"

"Hata kidogo! Mguu bado mbovu, muulize dada huyu."

Dada akaujaribu, mguu ukabaki mkononi mwake.

 Wamerudi nyumbani, picha ziko ukutani, na dada wa mama mdogo ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama anunue begi la mwakani. Kila nikienda kuwasalimu, baba mdogo ananivuta pembeni nimtetee. Mimi nimeshindwa. Wewe unaonaje, dada mtu anunue begi au asinunue?