Chungwa Halirudishwi

Sir alitoka mji mdogo wa Walonia, kusini mwa Ubelgiji. Ukimsikiliza akiusimulia, ungedhani Mungu aliuumba kwanza, sisi wengine tukatengenezwa kwa mabaki. Picha zake zilijaa ukutani katika fleti yao ya Silicon Oasis, Dubai, na mimi, yaya wa watoto wake, ndiye niliyezifuta vumbi: wanaume wazima waliojazwa majani makavu kifuani na mgongoni kama magodoro, njuga kiunoni, mitalawanda miguuni, manyoya ya mbuni kichwani. Siku ya sherehe yao hucheza mitaani wakiwarushia watu machungwa. Chungwa ni zawadi, alinifundisha Sir kwa kidole. Kumrushia aliyekupa ni tusi lisilosameheka. Na vazi lile halivaliwi nje ya mji.

Mwaka jana ofisi ilimnyima ruhusa ya kwenda. Basi mlinzi huyu wa mila akashonesha vazi lake hukohuko Dubai, avae ukumbini chini ya jengo letu.

Wiki hiyohiyo nami nilikuwa naomba ruhusa. Mama yangu alikuwa amefariki Tanga. Mazishi yalinipita, nikataka walau arobaini yake inikute nyumbani.

"Sir, ndiyo mila yetu."

"Mila zenu haziishi," alisema, akijipima kofia kwenye kioo. "Tutaona baada ya sherehe, inshallah."

Madam, mkewe, akaongeza kwamba dua naweza kuisikiliza kwa simu. Nilitamani kumtemea mate.

Siku ya sherehe nilikuwa napitisha sambusa. Sir akaingia akikanyaga sakafu kwa mitalawanda, jasho linamtiririka, majani yamechungulia shingoni. Watu wa mji wake waliokuwa Dubai wakapiga makofi. Kituko kile kikaanza kugawa machungwa, na moja likanipiga kifuani. Akacheka.

Nikaweka sinia chini, nikaliokota, nikamrushia lake kwa nguvu zote. Kofia ikadondoka na manyoya yake. Mzee mmoja wa kwao akajifunika uso.

"Khalas!" Sir alifoka, mwekundu hadi masikioni. "Kesho unarudi kwenu!"

"Asante, Sir."

Arobaini ya Mama ilinikuta uani kwetu, nikipakua pilau. Jirani akaniuliza nimewezaje kuja. Nikamwambia niliomba ruhusa, nikapewa.